Kidevu, Ngata na Mdomo wa Mtungi

Jeneza la Fundi Vitalis lilikuwa limekwisha kushushwa, udongo umerudishwa, na sisi wazee tumeletewa viti vya plastiki, ndipo nikamsikia kijana mmoja aliyekuwa akisakafia kaburi akimwambia mwenzake, "Hapo chini ya msalaba usiache kona kali namna hiyo. Piga kidevu." Mwenzake akauliza, mwiko mkononi, "Kidevu, au mdomo wa mtungi?" Yule wa kwanza akacheka kidogo, kicheko cha msibani. "Mdomo wa mtungi unakaa juu kabisa, pale kazi inapoishia. Hapa panabeba. Kwa hiyo kidevu." Hakuna aliyegeuka kuwatazama. Nilikuwa nimesafiri kutoka Iyunga, Mbeya, hadi huku Iringa tangu alfajiri ya jana yake, blanketi magotini, baada ya Paskalina, binti mkubwa wa Vitalis, kunipigia simu na kusema maneno mawili tu: "Mama, ametutoka." Sikulia njiani. Sikulia kanisani, wala walipotupanga mstari tumuage. Nililia pale, kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu ya kidevu, na wanawake walionizunguka wakadhani ni uchungu wa kawaida, wakanishika mabega.

Nilipotulia nilimwita yule kijana. Nikamuuliza hayo majina kayatoa wapi. "Ndiyo majina yake, bibi," akasema, akishangaa. "Mkunjo wa ukutani unaotuna juu na kubonyea chini, huo ni kidevu. Fundi ndivyo alivyotufundisha." Nikamuuliza yeye Fundi alifundishwa na nani. Akafikiri, akatazama kaburi kama vile jibu lingetoka huko. "Labda Wazungu." Nikamwambia arudi kazini, saruji isikauke. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba majina yale yalizaliwa siku ya Jumapili, mezani, kati ya bibi huyu anayemwona na Bruda mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa ametoka kunikaripia. Nimeamua kuyaandika hapa, maana aliyekuwa shahidi wangu ndiye tuliyemzika.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado ni neno la kunong'ona. Shangazi yangu Atupele alikuwa mpishi wa mafundi waliokuwa wakijenga kanisa kwenye misheni moja ndogo, vilimani, mbali kidogo kupita Tosamaganga. Alituma ujumbe Mbeya kwamba anahitaji mikono miwili zaidi, na mikono iliyopatikana ikawa yangu. Nilifika Iringa na kikapu cha ndizi ambazo zilikuwa zimeiva vibaya njiani, nikiwa sijui neno hata moja la Kihehe isipokuwa kamwene, salamu niliyofundishwa na mwanamke mmoja ndani ya lori. Jiko letu lilikuwa banda refu la matofali mabichi, lenye mafiga ya masufuria matatu, dirisha moja lisilo na kioo, na ukuta uliopakwa masizi hadi ukang'aa. Asubuhi ukungu uliingia kwa dirisha hilo kama mgeni asiyebisha hodi, ukachanganyika na moshi, usijue kipi ni kipi. Tulipika ugali, maharage, majani ya maboga, na siku za Jumamosi nyama. Mafundi saba walikula wamekaa kwenye mabunda ya kuni nje ya dirisha lile, na kwa mwaka mzima nilisikia kila walilosema: nani kaoa vibaya, nani kalewa ulanzi akalala shambani kwa jirani, na kwa nini Bruda huyu anahangaika na chokaa kana kwamba anatengeneza keki.

Bruda Anselmo alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mrefu, miwani yake imefungwa na uzi wa kushonea viatu. Kiswahili chake kilikuwa cha kwenye majukwaa ya ujenzi, kimejaa amri na hakina heshima, ingawa mwenyewe alikuwa na heshima nyingi. Siku ya kwanza aliponiona nasonga ugali aliingia, akavua kofia, akasema, "Hii ni chakula ya mama yangu." Nikadhani ananitania. Akaomba bonge zima limwagwe juu ya ubao, akatoa uzi mfukoni, akaupitisha chini ya ugali na kuukata vipande vilivyonyooka, akala kimoja kwa mkono, macho ameyafumba. Shangazi alisema baadaye, kwa Kinyakyusa ili asisikike, kwamba mtu anayekata ugali kwa uzi hawezi kuwa mbaya sana.

Na hicho alichohangaika nacho kilikuwa mikunjo. Sina neno zuri zaidi. Mnaingia kanisa la zamani, mnainua macho, mnaona pale ukuta unapokutana na dari kuna ukanda wa chokaa unaotuna na kubonyea, mstari juu ya mstari, unazunguka kanisa lote. Mnaona chini ya nguzo kuna mviringo mnene kama kitu kilichobanwa na uzito. Hiyo ndiyo. Mafundi walipaka chokaa mbichi kwa unene, kisha wakavuta juu yake kalibu, yaani kipande cha bati kilichokatwa kwa umbo linalotakiwa na kupigiliwa kwenye mbao, kikateleza juu ya reli kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, hadi chokaa ikalishika umbo la bati. Bruda aliwaambia kila siku kwamba ukuta usio na mikunjo jua linaupita tu, lakini penye mkunjo jua linaandika kivuli. Kila umbo lilikuwa na jina lake la Kiitaliano, naye aliyataja majina hayo kwa mapenzi, kama mtu anayeita watoto. Mafundi waliyaitika kwa kutikisa vichwa. Walipokuja kula waliyageuza matusi.

Kalibu hizo zilitunzwa katika chumba kilichopakana na jiko, kwa sababu moto wetu ulikikausha na bati halikushika kutu. Ufunguo alipewa Shangazi, Shangazi akanipa mimi. Zilitundikwa kwenye misumari, kumi na moja, nami nilizitoa asubuhi na kuzifuta jioni kwa mafuta ya taa. Nilizijua kwa umbo. Majina niliyajua machache, nayo kwa sauti tu, jinsi yalivyoruka kutoka jukwaani.

Fundi Vitalis alikuwa kiongozi wa mafundi, kijana wa miaka ishirini na sita, Mhehe wa vilima vilevile, mkimya, mwenye tabia ya kugusa ukuta kwa kiganja kabla ya kuzungumza juu yake. Watoto wangu wameniuliza mara nyingi, kwa njia za kuzunguka, kama kulikuwa na jambo kati yetu. Kulikuwa na jambo, lakini silo wanalofikiri. Yeye alimwoa Magdalena wake, mimi nikaolewa Mbeya na seremala mwenye moyo mwema, na kila mwaka, hadi huu aliofariki, lilitoka gunia la viazi Iringa kwenda Iyunga, na debe la mchele wa Kyela likatoka Iyunga kwenda Iringa. Mume wangu aliula ugali wake na viazi vya Vitalis bila swali. Kuna deni la heshima ambalo watu wawili wanaweza kubebeana maisha yote, na kulieleza ni lazima niseme nilichofanya.

Kuta za kaskazini na mashariki zilikuwa zimekwisha. Bruda mwenyewe alisimamia kila hatua. Kisha chokaa ikapungua, ikambidi aende mjini Iringa na lori, akae siku mbili tatu. Kabla ya kuondoka alisimama nje ya dirisha la jiko akamwambia Vitalis, nami nikiwa nasikia, "Ukuta wa kusini, juu kabisa, gola dritta. Umesikia? Gola dritta." Kesho yake Vitalis alikuja dirishani, mikono imejaa chokaa, akasema, "Tusa, nipe gola." Ndani ya chumba kulikuwa na mbili. Zote mbili zilikuwa na umbo la kujipinda, kama nyoka anayevuka njia, na lile neno la pili, dritta, halikuniambia kitu; nilichokuwa nimeshika ni gola, gola. Moja ilikuwa kwenye msumari wa karibu. Niliitoa hiyo. Mikono yake ilikuwa michafu, kwa hiyo niliipeleka mwenyewe hadi chini ya jukwaa, fundi mwingine akaipokea, na nikarudi kwenye maharage yangu nikiimba.

Walivuta siku mbili. Ukuta mzima. Bruda alirudi mchana wa siku ya tatu, akaingia kanisani na vumbi la safari, akainua macho, akavua kofia. Hakupiga kelele mara moja. Alitembea hadi kwenye kona, pale mkunjo wa mashariki na mkunjo wa kusini ilipotakiwa kukutana na kuwa kitu kimoja. Haikukutana. Mmoja ulifunguka nje pale mwenzake ulipoinama ndani. Ndipo kelele zikaanza, kwanza Kiitaliano, kisha Kiswahili. "Hii inabeba! Iko ya chini! Wewe umeweka mguu mahali ya kichwa!" Tulisikia jikoni. Nilitoka na mwiko wa ugali mkononi, nikasimama mlangoni pa kanisa. Vitalis alikuwa amesimama katikati, mikono ikining'inia. Alinitazama mara moja. Kisha akatazama sakafu.

"Nani amekupa hii?" Bruda akauliza.

"Nimevuta mimi," Vitalis akasema.

"Basi nenda nyumbani. Fundi hana macho, ya nini?"

Akaenda. Alichukua mwiko wake na timazi yake, akapita mbele yangu karibu kabisa, akinuka chokaa mbichi.

Jioni ile Shangazi alinitazama nikikoroga uji uliokuwa umekwisha kuiva. "Ulitoa wewe," akasema. Nikakubali kwa kichwa. Akafunga mlango. "Sikia, mwanangu. Hapa wanawake tuko wawili. Ukisema, kesho tuko kwenye lori, mimi na wewe, na mimi sina pa kurudi. Vitalis ni mwanaume, ana mikono, ana kwao hapo mlimani. Kazi ataipata. Nyamaza." Sikumchukia kwa kusema hivyo, wala simchukii leo. Alikuwa mjane aliyeishi kwa sufuria tatu. Nilinyamaza siku nne. Mafundi walikula nje ya dirisha bila mazungumzo, na hilo ndilo lililonishinda. Nilikuwa nimezoea kuwasikia, na sasa nilisikia sahani tu.

Siku ya tano ilikuwa Jumapili. Baada ya misa nilikwenda kwenye karakana ya Bruda. Sikumwambia Shangazi. Alikuwa ameketi mezani na kitabu chake cha michoro, miwani imesukumwa hadi kwenye paji la uso. Nilisimama mlangoni nikasema yote kwa pumzi moja, kwamba kalibu niliitoa mimi, na Vitalis alijua, na Shangazi hana kosa. Alisimama akanikaripia kama nilivyosema. Mwishowe akapiga meza. "Kwa nini hukuuliza?"

"Ningeuliza nini, Bruda?" nikasema, na machozi yalishaanza. "Moja ni gola. Na nyingine ni gola. Gola ni nini?"

Akashika shingo yake mwenyewe. "Gola ni hii. Koo."

"Zote mbili ni koo?"

Alikaa chini polepole. Kisha akaniambia nikalete kalibu zote. Nilizileta katika khanga, zikilia kama vyombo vya harusi, akazipanga mezani moja moja. Akainua ile iliyonisaliti. "Hii. Tazama. Wewe unaona nini?" Niliitazama. Juu ilituna, chini ikabonyea kuingia ndani. Nikasema, "Kidevu. Kidevu cha mtu aliyeshiba, na chini yake koo." Akaigusa kwa kidole, kisha akagusa kidevu chake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akicheka bila sauti, mabega tu. "Na hii, dada yake?" Ile ilituna chini, ikabonyea juu na kufunguka kwa nje. Hiyo, ile dritta, haikuhitaji nifikiri: mdomo wa mtungi. Nilikuwa nabeba mitungi ya maji tangu nina miaka saba. Tukaendelea hivyo. Lile umbo nene la mviringo la chini ya nguzo, aliloliita toro, nililiita ngata, kwa sababu ndivyo lilivyokaa: kitu laini kilichobanwa kati ya kichwa na mzigo. Robo ya duara iliyotuna ilikuwa yai, na tuligundua kwamba hata kwao ni yai. Robo iliyobonyea nikaionyesha kwa mkono uliokinga maji, tukaiita kiganja. Moja ilitushinda, shimo lililo kati ya ngata mbili. Mimi nikasema kiuno, yeye akasema katika nyumba ya Mungu haiwezekani, kisha akafikiri, akasema haya, kiuno, Mungu ndiye aliyekiumba. Aliyaandika yote kwa penseli ya seremala juu ya mabati yenyewe.

Tulipomaliza akasema, "Sasa nenda mwite Vitalis."

Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. "Mimi sikumfukuza, Bruda," nikasema.

Tukaenda wote wawili, kwa miguu, mwendo wa saa moja na zaidi kupanda. Mama yake Vitalis alikuwa akimenya viazi uani. Aliona kanzu ya Bruda, hakuinuka. "Kamwene," akasema, na alisema kwangu mimi kwanza. Kisha kwa Kiswahili kizito: "Mtoto wangu yuko shamba. Jumapili yuko shamba, kwa sababu nyumbani anatazama ukuta tu, ananitisha." Tulimkuta Vitalis akilima. Alituona, akaendelea kulima hadi mwisho wa tuta lake, akageuka, akarudi na tuta jingine kutujia. Bruda alimngoja kwenye jua, kofia mkononi.

"Vitalis," akasema, "nimekosa. Nimekupa majina ambayo hakuna mtu anaweza kushika."

Vitalis akapangusa jembe. "Na ule ukuta?"

"Utavunjwa."

"Nani anavunja?"

"Mimi."

Vitalis akanitazama mimi, muda mrefu kidogo. Tulipokuwa tunateremka, Bruda ametangulia, nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba najua alinikinga, na sijui nitamlipaje. Akasimama njiani. "Nani amekukinga?" akasema, karibu kwa hasira. "Ningesema nini mbele ya watu? Kwamba msichana wa jikoni alileta bati, na mimi, fundi mzima, nikalivuta siku mbili bila kulitazama? Kosa lako la dakika moja. Langu la siku mbili." Akatembea hatua chache. "Lakini kuja umekuja. Hilo silisahau." Na hakulisahau. Nimekutana na watu wengi wanaopenda kusamehe kwa sababu kunawapandisha juu. Yeye aligawa kosa sawasawa, kama mtu anayegawa kiazi, akachukua kipande kikubwa.

Ukuta waliuvunja pamoja, Bruda na mafundi wote, na mimi nikabeba vifusi. Tangu hapo, asubuhi, sauti zilizoingia kwa dirisha letu zilikuwa nyingine. "Tusa, lete kidevu!" "Yai liko wapi?" "Nani kakalia kiganja?" Walicheka, na wakacheka kwa sababu walielewa. Haikutokea tena bati kwenda siko. Bruda alinifundisha kukata bati kwa mkasi na kulilainisha kwa tupa, saa za mchana vyombo vikiwa vimeoshwa, na kabla mvua hazijaisha kalibu za altare nilizikata mimi, tano, Vitalis akizipima kwa jicho moja na kunirudishia hadi zikawa sawa. Shangazi hakusema ndiyo wala hapana. Alihesabu vidole vyangu kila jioni.

Kanisa lilibarikiwa kiangazi kilipoanza. Askofu alikuja, mapadri wengi, machifu, wakubwa wa serikali na wake zao wenye kofia. Meza ndefu iliwekwa kwenye ukumbi wa mapadri, na Bruda alikuwa amegombana na kila mtu ili mafundi wake waketi mezani humo, mwishoni, mashati yamefuliwa. Mimi na Shangazi tulikuwa jikoni tangu usiku wa manane, mbuzi watatu na wali wa watu mia. Baada ya chakula kupelekwa tulisikia padri akisoma majina ya mafundi, mmoja mmoja, na watu wakipiga makofi kila mmoja aliposimama. Vitalis alikuwa wa kwanza. Yalisomwa majina saba. Sikuwa natazamia la nane, naapa. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Halikuwepo tu katika kichwa cha mtu. Lakini makofi yalipokoma niligundua nilikuwa nimesimama na upawa hewani, nasikiliza. Shangazi aliniona. Mimi nikainama nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Vitalis, sahani mkononi, nyama bado inafuka. Akaingia, akavuta bunda la kuni, akakaa.

"Umekosa nini, Fundi?" Shangazi akamuuliza.

"Kule nyama ni ya baridi."

"Nimeipakua mimi sasa hivi!"

"Basi labda ni upepo wa kule," akasema, akaanza kula.

Wa pili akaingia, naye na sahani yake. Wa tatu. Hawakunitazama. Walikaa walipopata, juu ya ndoo, juu ya kinu kilichopinduliwa, saba wote, wakaanza kuzungumza habari za ng'ombe wa mtu aliyeingia kwenye ulezi. Mwisho akaja Bruda amebeba kiti chake kutoka mezani kwa askofu. Akazunguka nacho, hakupata pa kukiweka, akakiacha nje kwenye ukungu, akaingia na kukaa sakafuni, magoti yake marefu yakimfika masikioni.

Nilikuwa nimeshika upawa bado. Nilianza kwenda kwenye sufuria, kama kila siku, kuwaongezea. Shangazi akaniwahi. Akautoa upawa mkononi mwangu, kidole baada ya kidole, maana nilikuwa nimeukaza.

"Kaa chini, Tusa," akasema. "Leo napakua mimi."

Akachukua sahani safi, akachagua nyama nzuri iliyobaki, akanipakulia mimi kwanza, kabla ya wanaume wote.